Mvule Namba 417

Nchi tunayoisimulia ina jina, tena zuri, lakini sheria ya huko inataka mtu aombe kibali kabla ya kulitaja, na kibali chetu bado kiko mezani kwa ofisa aliyekwenda semina. Kwa hiyo tutaiita nchi hiyo, na msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Iko mbali. Haifanani hata kidogo na nchi anayoijua yeye.

Katika nchi hiyo kulikuwa na Wizara ya Misitu, Vivuli na Mambo Yaliyosimama. Ndani ya wizara kulikuwa na Idara ya Takwimu za Miti, na ndani ya idara, katika chumba cha mwisho kinachopakana na choo, alikuwamo mwanamke mmoja aliyeitwa Tekla Mtokambali, mpimaji miti daraja la pili. Kazi yake aliijua hasa. Ukimpa utepe na daftari anaingia msituni asubuhi, na jioni anakuambia kila mti ni wa aina gani, una unene gani, umeliwa na wadudu au haujaliwa, na kwamba ule wa pembeni ya kijito umeanza kukauka kwa juu. Aliipenda kazi hiyo kiasi cha kuwatia wenzake aibu.

Kila mti uliopimwa ulipigiliwa kibati kidogo chenye namba, kwenye kimo cha kifua cha mtu mzima, maana hapo ndipo unene wa mti unapopimwa. Ukishapata kibati, mti umeshakuwa raia. Unaingia kwenye Rejista Kuu na kila mwaka afya yake inaandikwa. Mpaka hapo hakuna ubaya wowote, na sisi wenyewe tunaona ni utaratibu wa kupendeza.

Ila kulikuwa na Kanuni ya Kumi na Tisa. Kanuni hiyo ilisema mti ulioandikishwa utahesabika kuwa hai, na utaendelea kukua, mpaka Kamati ya Vifo vya Miti itakapokaa na kuridhika kwamba umekufa. Kamati ilikuwa na wajumbe saba, na haikuweza kukaa bila wajumbe watano. Watatu walikuwa wamefariki miaka kumi na moja nyuma, gari lao lilipopinduka wakienda kukagua mkangazi uliokauka. Mwenye mamlaka ya kuteua wajumbe wapya alikuwa Kamati yenyewe, ikishakaa. Basi tangu siku ile, katika nchi hiyo, hakuna mti uliokufa. Waziri alipenda kulitaja jambo hilo kwenye hotuba, akisema kwamba hata mataifa makubwa hayajafika hapo, na kwa kweli hakuwa anasema uongo.

*

Tekla alizaliwa Lugendo, kijiji kilichokaa chini ya mlima wenye jina hilohilo. Mama yake, Bi Gaudensia, alikuwa bado anaishi huko, mwanamke mfupi mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Msitu wa mlimani ulikuwa na miti elfu sita na mia mbili kwenye Rejista. Mti wa kwanza Tekla kuupigilia kibati kwa mkono wake, mwaka alioajiriwa, ulikuwa mvule mkubwa juu ya chemchemi, ambapo mama yake alikuwa akipumzika na ndoo yake. Ulipewa namba 417. Siku hiyo mama yake alisimama pembeni akitazama, akasema, "Nilidhani serikali imekusomesha ukawe mtu wa maana, kumbe ni kupigilia miti vifungo." Lakini jioni alimchinjia kuku.

Miaka mitatu kabla ya mambo haya, ilifika Lugendo Kampuni ya Kupunguza Kivuli. Mwenye kampuni alikuwa shemeji wa Waziri, jambo tunalolitaja kwa heshima ya ukoo tu. Kampuni ilikata mlima mzima kwa miezi mitano. Lakini tusiwasingizie watu: mkataba uliwataka waheshimu takwimu, nao waliziheshimu. Kabla ya kuangusha mti waling'oa kibati chake kwa koleo, wakachomeka kijiti pale uliposimama, wakapigilia kibati juu ya kijiti, kwenye kimo cha kifua. Walipomaliza, mlima ulikuwa udongo mwekundu na vijiti elfu sita na mia mbili vinavyometa juani.

Tekla alipofika kupima mwaka ule, alikaa chini kwanza. Kisha akafungua daftari akaandika "umekatwa" mbele ya kila namba, siku tisa mfululizo, mpaka kidole kikafanya sugu. Aliporudi mjini aliitwa na Mkurugenzi wa idara, Daktari Polikapo Ndevelo, mtu mpole, mnene, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

"Bi Tekla, karibu keti. Hivi kule Lugendo vibati vipo?"

"Vipo, Mkurugenzi. Lakini vipo kwenye vijiti."

"Nimeuliza vibati. Vipo?"

"Vipo."

"Kimo cha kifua?"

"Ndiyo, kimo cha kifua."

"Namba zinasomeka?"

"Zinasomeka, mheshimiwa."

Daktari Ndevelo alimtazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyechelewa kuelewa. "Sasa mama, huo uliokufa ni upi? Wewe ni Kamati?" Akalivuta daftari, akalifunga kwenye kabati lake, akampa jipya. "Ongeza nusu sentimita kwa kila mti. Mvua za mwaka huu zilikuwa nzuri."

Tekla akaongeza. Mwaka uliofuata akaongeza tena. Tunasema hivyo bila kumlaumu, kwa kuwa alikuwa na mkopo wa nyumba wala hakuwa na mjomba wizarani, na watu wa namna hiyo huongeza nusu sentimita. Kufikia mwaka wa tatu miti ya Lugendo ilikuwa imenenepa sana kwenye makaratasi, hadi kompyuta ya idara ikalalamika kwamba mashina yanapandana na mlima hautoshi. Mkurugenzi akatoa waraka wa kuuongeza mlima hekta mia tatu. Wanakijiji waliamka asubuhi moja wakaambiwa kwamba zahanati, makaburi na nyumba zao zote sasa ziko ndani ya msitu mnene.

*

Nyufa zilianza mwezi wa pili. Kwanza ulionekana mmoja juu ya chemchemi, mwembamba, kuku anauruka. Wiki mbili baadaye zilikuwa tatu, na ng'ombe aliingiza mguu akavunjika. Maji ya chemchemi yakabadilika, yakawa mekundu. Mama yake Tekla alimpigia simu.

"Tekla, mlima wenu unatembea."

"Unatembea vipi, mama?"

"Juzi kijiti cha mvule wako kilikuwa sawa na mlango wa jikoni kwangu. Leo kiko sawa na banda la kuku. Mimi sijahamisha banda."

Tekla alikwenda akajionea. Alisimama juu ya ufa mkubwa kuliko zote, akaingiza utepe wake wa kupimia, utepe ukaisha na chini hakujafika. Aliogopa. Masika ilikuwa inakaribia, wiki mbili au tatu, na alijua vizuri kwamba mvua kubwa ikiingia humo mlima wote utashuka.

Njia ya kuwaokoa ilikuwapo, tena ya kisheria. Ng'ambo ya mto kulikuwa na kambi ya zamani ya barabara, mabanda ya bati arobaini, tupu. Kijiji kingeweza kuhamia huko hata kesho. Lakini katika nchi hiyo watu hawahami hivihivi. Ilitakiwa mlima utangazwe kuwa hatarini, na mlima hutangazwa hatarini iwapo tu Taarifa ya Taifa ya Afya ya Misitu, safu ya kumi na nne, inaonyesha kwamba msitu wake unaumwa. Atakayehama kabla ya hapo ana kosa la kuhofia mlima wenye afya, na kosa hilo ni miaka miwili jela. Na safu ya kumi na nne haikamiliki bila saini ya mpimaji. Mpimaji wa Lugendo alikuwa Tekla.

Basi jambo lenyewe lilikuwa rahisi. Tekla aliandika "unaumwa sana", akasaini, akapeleka fomu ofisini kwa mikono yake miwili.

Daktari Ndevelo hakukasirika. Aliisoma, akavua miwani, akaifuta.

"Umesema vizuri, Bi Tekla. Mimi pia nina mama. Ila umekuja wiki mbaya. Baraza la Mataifa la Miti linaleta wakaguzi watatu, na msitu waliouchagua ni Lugendo, kwa sababu kwenye taarifa zetu ndio msitu wenye afya kuliko yote duniani. Sasa wakikuta unaumwa, watauliza umeanza kuumwa lini."

"Watakuta vijiti, Mkurugenzi."

"Watatazama kwa darubini kutoka barabarani, mita mia sita. Itifaki yao hairuhusu kukanyaga msitu wa watu." Akainama mbele, sauti ikashuka zaidi. "Tunahitaji vitu vilivyosimama, siku moja tu. Nisaidie hiyo siku moja. Saini fomu yenye afya njema, wapange watu wako, na siku ya pili yake, wageni wakishapanda ndege, mimi mwenyewe nasaini kijiji kihame. Magari nitatoa mimi."

Tekla alifikiri usiku na mchana wake wote. Akisema hapana, fomu yake ya kweli ingelala kabatini pamoja na lile daftari, na masika ingefika palepale. Akisema ndiyo, alikuwa na neno la mkubwa. Akasaini. Mtu mwingine angefanya nini, hatujui, na tunashukuru hatukuulizwa.

*

Kijiji cha Lugendo kilikuwa na watu mia nne na kumi na wawili. Mkurugenzi alifika mwenyewe na kitambaa cha kijani marobota sita, akahutubia uwanjani.

"Ndugu wananchi, leo taifa linawaomba kitu ambacho halijawahi kumwomba mtu yeyote. Wengine wanaombwa damu. Wengine wanaombwa jasho. Ninyi mnaombwa kusimama. Ni nani atashindwa kusimama kwa ajili ya nchi yake? Msitu ni watu, ndugu zangu, na ninyi leo mtalithibitisha hilo mbele ya mataifa."

Watu wakapiga makofi, maana walikuwa wameshaambiwa habari ya magari na mabanda ya ng'ambo. Vibati vikang'olewa kwenye vijiti, vikatobolewa, vikapitishwa uzi, kila mtu akavalishwa chake kifuani. Karani wa wizara aliandika jina la mtu mbele ya namba na kumpiga picha, kwa ajili, alisema, ya kurudisha vifaa. Hapo ukazuka mgogoro. Kila mtu alitaka kuwa mvule au mninga. Hakuna aliyetaka kuwa mkaratusi, na wanaume wawili walishikana mashati kwa sababu hiyo. Mwenyekiti wa kijiji, kwa cheo chake, alipewa kuwa miti miwili. Watoto waliandikwa miche.

Tekla alimtafutia mama yake kibati namba 417, akamfunga mwenyewe.

"Nimezaa sita, nimezika wawili," mama yake akasema huku ameinua kidevu ili uzi upite, "leo serikali imegundua kwamba mimi ni mvule."

"Ni siku moja tu, mama. Nimeahidiwa."

"Na nani?"

"Mkurugenzi mwenyewe."

Bi Gaudensia aliutazama ule mlima, akamtazama Mkurugenzi, aliyekuwa anaonyesha watu namna ya kunyanyua mikono isichoke. "Haya," akasema. "Kwa kuwa ni wewe umesema."

Siku ya wakaguzi walipangwa kwenye mteremko, mita sita baina ya mtu na mtu, wamejifunga kijani tangu kichwani, mikono juu. Amri zilikuwa tatu: usikohoe, usijikune, usimwite mwenzako. Jua lilikuwa kali. Nyufa zilifunikwa na matawi ya migomba. Saa tano gari la wageni likasimama barabarani, wakashuka wazungu wawili na mama mmoja wa Kiafrika aliyevaa suti, wakatoa darubini. Walitazama kwa dakika arobaini. Tekla alikuwa pembeni yao na daftari, na kila dakika alikuwa anatafuta umbo moja fupi karibu na chemchemi, ambalo mikono yake ilikuwa inashuka kidogo kidogo, kisha inapanda tena.

"Ule mti mdogo pale umeinama," alisema yule mama wa suti.

"Mvule," Daktari Ndevelo akajibu. "Umri. Lakini mizizi yake ni imara, muulize mpimaji wetu."

Wote wakamgeukia Tekla. Fomu ya kweli, aliyorudishiwa aliposaini ile ya pili, alikuwa nayo, ameikunja ndani ya daftari kwa sababu ambayo mwenyewe hakuijua. Alifikiri habari ya magari. Alifikiri kesho.

"Ni imara," akasema.

*

Kesho yake magari hayakuja. Kesho kutwa vilevile. Siku ya nne Tekla alimkuta Mkurugenzi ofisini akiwa na keki mezani, kwa kuwa Baraza la Mataifa lilikuwa limeandika kwamba Lugendo ni msitu wa mfano kwa bara zima, na Waziri alikuwa amepiga simu.

"Nimekuja kwa ile ahadi, Mkurugenzi."

"Ninaikumbuka, na inaniuma," akasema Daktari Ndevelo, na tunaamini ilimuuma, kwa sababu alisukuma sahani pembeni. "Nimepeleka jambo kwa wanasheria. Wamefungua Rejista. Mle ndani, kuanzia Jumanne, hakuna kijiji cha Lugendo. Kuna miti mia nne na kumi na mitatu, mwenyekiti akiwa miwili, yenye vibati, majina na picha. Kuihamisha miti iliyoandikishwa ni uvunaji haramu. Utanifunga."

"Wale ni watu, Mkurugenzi."

"Mimi najua. Wewe unajua. Lakini walioandikwa ni miti, na aliyethibitisha afya yake ni wewe."

"Basi waondolewe kwenye Rejista."

"Mti unaondolewa ukishakufa," akasema taratibu. "Na hilo ni la Kamati."

Tekla hakulia mbele yake. Aliondoka hapo moja kwa moja, akakodi lori la mchanga, akaenda Lugendo akawaambia watu wapande. Walipanda sabini, vibati bado vifuani maana karani hakuwa amerudi kuvichukua, na mama yake wakamwinua kwa kiti. Barabara ya kwenda ng'ambo ilikuwa na kizuizi cha mazao ya misitu. Kwa miaka mitatu magogo ya Kampuni yalikuwa yamepita hapo mchana kweupe na askari wakipunga mkono. Leo askari mmoja alipanda nyuma ya lori na orodha, akaanza kusoma vifua.

"Mninga. Mninga. Mkangazi. Miche minne. Kibali cha kusafirisha kiko wapi?"

"Hawa ni watu, afande," Tekla akasema. "Huoni?"

"Ninaona. Kibali kiko wapi?"

Kijana mmoja aliyeitwa Anisethi alivunja uzi, akakitupa kibati chake majanini, akasema yeye sasa ni Anisethi tu na anapita kwa miguu. Askari walimlinganisha na picha. Wakampaka alama ya rangi nyekundu mgongoni, wakamweka nyuma ya kituo, kwenye rundo la mbao zilizokamatwa, asubiri mnada. Wengine wakarudishwa.

Mama yake Tekla alishushwa mlangoni pake. Ilikuwa jioni, na upande wa mashariki wingu lilikuwa limekaa zito, jeusi, la kwanza la mwaka.

"Panda bodaboda uende," akamwambia binti yake. "Wewe huna kibati."

"Nitalala hapa na wewe."

"Ukilala hapa nani atakwenda kuwasumbua hao watu? Nenda ukaigonge hiyo Kamati."

"Mama, mimi ndiye niliyesema ni imara."

Bi Gaudensia aliyasugua magoti. "Ulisema kwa sababu uliahidiwa," akajibu. "Na mimi nilisimama kwa sababu uliniambia. Tumeshasema na tumeshasimama. Nenda."

*

Tekla aliwapata wajumbe wanne wa Kamati waliobaki kwa siku mbili za kutafuta. Mmoja alikuwa kipofu, mmoja alikuwa anafuga kuku wa mayai wala hakukumbuka kwamba yeye ni mjumbe. Wote walikubali kukaa. Walikaa kwenye ukumbi wa wizara tangu asubuhi, wameziba masikio kidogo kwa sababu ya mvua iliyokuwa inapiga bati. Wakahesabiana, wakajikuta wanne. Wakajihesabu upya. Mfuga kuku alipendekeza kwamba marehemu mmoja ahesabike kuwepo kwa roho, na hoja hiyo ilijadiliwa kwa muda wa saa mbili, lakini mwanasheria wa wizara alisema marehemu hajawasilisha udhuru wala hajasaini mahudhurio.

Saa nane mchana, walipokuwa bado wanajadili, mlima wa Lugendo ulishuka. Walioko ng'ambo ya mto wanasema haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Askari wa kizuizini walisikia kishindo, wakatoka nje, na mahali palipokuwa na kijiji paliteleza udongo mwekundu mpaka mtoni. Kutoka kwenye rundo la mbao Anisethi alikuwa anapiga kelele akitaja majina, moja baada ya jingine, mpaka sauti ikamwishia.

Tekla alifika jioni. Alitembea juu ya tope lile bila viatu. Hatutasimulia alivyolia. Alimlilia mama yake kwa jina, na hilo linatosha.

*

Mkurugenzi alimpa siku tatu za msiba, kisha akamwita kwa upole uleule.

"Pole sana, Bi Tekla. Kwa niaba ya Waziri, pole. Taarifa ya mwaka inafungwa Ijumaa. Vibati vya kifuani vimepatikana?"

Tekla aligeukia mlango.

"Vikosi vya uokoaji vimekusanya mia nne na kumi na viwili," Daktari Ndevelo akajijibu mwenyewe akisoma karatasi. "Na kimoja kiliokotwa majanini kizuizini. Miili haikuwa kwenye orodha yao, imebaki palepale topeni, lakini vibati hakuna kilichopotea hata kimoja. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Vijana wameshavirudisha kwenye vijiti. Sasa ni wewe na ile nusu sentimita."

Tekla aliketi kwenye chumba chake cha pembeni ya choo, akafungua fomu. Alipofika namba 417, kwenye safu ya aina aliandika "mtu". Kwenye safu ya jina aliandika Gaudensia Mtokambali. Kwenye safu ya afya aliandika "amekufa". Akaandika hivyohivyo kwa namba zote za wanakijiji kasoro ya Anisethi, kutwa nzima, akisaini kila mstari, mpaka ile sugu ya zamani ikapasuka. Karani wa kompyuta alipoiingiza, mashine ilikataa, kwa kuwa aina hiyo haikuwamo kwenye orodha ya miti ya taifa. Karani hakuwa mtu mbaya. Alisahihisha, akaongeza nusu sentimita, akaenda nyumbani.

Ijumaa Tekla hakuonekana kazini, wala Jumatatu. Idara ilimwandikia barua tatu. Baadaye watu wakasema yuko Lugendo. Alikuwa amenunua jembe. Kila siku alipanda kwenye lile tope lililoanza kukauka, akasimama pale alipokadiria kwamba palikuwa na jiko la mama yake, akachimba. Kifuani alikuwa amevaa kibati namba 417, alichoking'oa kwenye kijiti chake, na askari walipofika kumkamata kwa kosa hilo walimkuta amepata mkono wa mtoto, wakageuka wakarudi kituoni bila kuandika chochote.

Mwezi wa nane wakaguzi walikuja kwa ziara ya marudio. Gari likasimama palepale barabarani, mita mia sita, darubini zikatolewa. Daktari Ndevelo aliwaeleza kuwa msitu uko kwenye kipindi cha mapumziko, hali ya kawaida kwa misitu iliyofanya vizuri kupita kiasi. Wakatazama. Mlima ulikuwa mwekundu kutoka juu mpaka chini.

"Kule kuna kitu kimoja," akasema yule mama wa suti. "Kinainama, kinainuka."

Daktari Ndevelo aliomba darubini, akatazama kwa muda, mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Akairudisha.

"Uoto wa asili," akasema. "Mvule mchanga. Unayumba kwa upepo."

Yule mama akafungua fomu yake, akaandika kwa kalamu nzuri: mti mmoja, aina mvule, afya njema. Siku hiyo, tunavyoambiwa, hapakuwa na upepo.